Usukani wa pikapu ya zamani na matengenezo ya rikoli: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Malindi

Majibu haya ni ya wenye pikapu kuukuu, zile za mwisho wa miaka ya themanini na za miaka ya tisini, ambazo hadi leo ndizo zinazobeba mchanga wa Sabaki, chumvi ya Gongoni na Marereni, na msimu wa maembe hujazwa hadi springi zikalala. Mengi yanahusu Hilux, kwa sababu ndizo zilizojaa mji huu na ndizo zenye kisa kirefu cha rikoli ya usukani. Mwenye Isuzu au Nissan ya umri huo naye atakuta chini ya gari lake vifaa ni vilevile kwa sehemu kubwa. Rikoli ni ule wito wa mtengenezaji kwamba magari fulani yana kasoro, basi yarudishwe yarekebishwe bure. Bure hiyo, kama utakavyoona huko chini, ina safari yake.

Usukani unacheza kabla magurudumu hayajaitika. Kucheza kiasi gani ni kawaida?

Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yatazame mbele, na injini iwe inanguruma kama stelingi yako ni ya pawa. Shika usukani kwa vidole viwili, uupeleke kushoto na kulia taratibu hadi uhisi umegusa uzito wa magurudumu. Pima umbali huo kwenye ukingo wa usukani. Kwa pikapu hizi kikomo ni kama sentimita 3. Ukizidi hapo kuna kitu kimelika. Dereva aliyelizoea gari atakwambia ndiyo tabia yake hiyo, ameliendesha hivyo hadi Garsen na kurudi. Mwachie maneno yake, wewe pima.

Nitajuaje kifaa kilicholegea bila kubahatisha?

Tafuta mtu wa pili na kipande cha kadibodi cha kulalia. Gari lisipandishwe jeki. Uzito wote ubaki juu ya matairi. Hendibreki juu, vigingi nyuma ya magurudumu. Mmoja akae ndani apeleke usukani huku na huku kidogo tu, kama robo ya mzunguko, bila kuacha. Mwingine alale chini na kitambaa na tochi, apanguse tope, kisha afuate njia ya nguvu kuanzia juu: shina la usukani linaloingia kwenye stelingi boksi, mkono unaotoka kwenye boksi, fimbo ya kati ambayo mafundi wengi wanaiita senta rodi, aidla (mkono unaoishikilia fimbo hiyo upande wa pili wa chesisi), halafu tairodi za kushoto na kulia, zile fimbo zinazosukuma magurudumu.

Weka kidole pale viungo viwili vinapokutana, nusu ya kidole upande huu na nusu upande ule. Kiungo kizima husogea pamoja na jirani yake kwa wakati mmoja. Kilichokwisha huchelewa: upande mmoja unaondoka, wa pili unasubiri, kisha unaburutwa kwa kishindo kidogo ambacho kidole hukihisi kabla jicho halijaona kitu. Ukifika kwenye aidla usiangalie mbele na nyuma tu. Tazama kama mkono wake unapanda na kushuka. Bushi ikiisha, mkono hunyanyuka kila usukani unapogeuzwa, na hapo magurudumu hubadilisha mwelekeo yenyewe gari likipita kwenye matuta.

Ukimaliza hapo ndipo upandishe jeki, uweke magogo imara chini ya chesisi, ushike gurudumu. Ukilitikisa kwa kushika kushoto na kulia unapima tairodi. Ukilitikisa kwa kushika juu na chini unapima boli jointi na beringi.

Kazi hii haimalizi nusu saa. Fundi anayekwambia tatizo lako bila kulala chini ya gari anakuuzia spea.

Tairodi zimebadilishwa zaidi ya mara moja na usukani bado unacheza. Fundi anasema spea za siku hizi mbovu.

Huenda spea ni mbovu kweli. Lakini mara nyingi tairodi hazikuwa na hatia. Ni kifaa cha bei nafuu, kinafikika kwa urahisi, na kinapatikana kila duka la spea kuanzia Malindi hadi Kilifi, basi ndicho kinachobadilishwa kwanza. Aidla ni ghali zaidi na iko pembeni gizani. Senta rodi ndiyo haiulizwi kabisa, kwa sababu ni chuma kinene na kila mtu anaamini chuma kinene hakina neno.

Kuna pia mchezo wa kukaza skrubu iliyo juu ya stelingi boksi. Skrubu hiyo ipo kwa ajili ya kurekebisha nafasi ya meno ndani ya boksi, na fundi anayeijua huigeuza kidogo sana. Ikikazwa ili kuficha ulegevu wa aidla, usukani hupendeza kwa siku chache, kisha unakuwa mzito katikati na haurudi wenyewe baada ya kona. Meno ya boksi ndiyo yanayolipia. Kama usukani wako hurudi kwa kulazimishwa tangu ulipotoka gereji, uliza kama skrubu iliguswa.

Usukani umekuwa mzito. Nianzie wapi?

Upepo wa matairi ya mbele. Kisha oili ya pawa kwenye kikopo chake, na mkanda wa pampu: ukipiga kelele unapokata kona kali, umelegea au umekwisha. Hivyo vikiwa sawa, nenda kwenye kiungo cha shina la usukani, kile kinachopinda kati ya usukani na boksi. Hapa pwani kinashika kutu hadi kinakataa kupinda. Dalili yake ni usukani unaokuwa mzito na mwepesi kwa zamu ndani ya mzunguko mmoja. Baada ya hapo angalia boli jointi zilizokauka grisi.

Kama ni mzito injini ikiwa taratibu na mwepesi ukikanyaga mafuta, pampu imechoka au mkanda unateleza.

Gari linavuta kushoto.

Barabara zetu zimeinamia pembeni ili maji yateremke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kuvuta kidogo kwenda kushoto ni kwa barabara. Jaribu mahali tambarare. Likivuta hata hapo, badilishana matairi ya mbele kulia na kushoto. Kuvuta kukihamia upande wa pili, ni tairi. Kukibaki palepale, gusa rimu baada ya safari fupi: iliyo na joto kuliko mwenzake ina breki inayoshika. Alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, ifanywe mwisho, baada ya vilivyolegea kubadilishwa. Kupima alaimenti juu ya tairodi iliyokwisha ni kulipia karatasi.

Kwa nini pikapu za huku zinaisha stelingi haraka?

Chumvi, mchanga na mzigo, na vyote vitatu hufanya kazi pamoja.

Kila tairodi na kila boli jointi imefunikwa kwa mpira unaozuia grisi isitoke na uchafu usiingie. Joto na jua huupasua. Mpira ukipasuka, upepo wa bahari unaingiza unyevu wenye chumvi, na barabara ya vumbi ya kwenda Ganda au Langobaya inaingiza mchanga. Grisi yenye mchanga haiwi grisi tena, inakuwa msasa. Gari linaloshinda kwenye mashamba ya chumvi huko Marereni lina hali mbaya zaidi, kwa sababu chumvi haiji kwa upepo tu, inamwagika juu yake.

Mzigo nao. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ni kama tani moja na nusu, na ukiwa umelowa unazidi. Pikapu ya tani moja iliyojazwa mchanga hadi ukingoni imebeba zaidi ya uwezo wake, uzito wote umekalia nyuma, pua imenyanyuka. Dereva anasema usukani umekuwa mwepesi, mtamu. Umekuwa mwepesi kwa sababu matairi ya mbele hayashiki barabara vizuri.

Dawa ni ya kawaida na haina gharama kubwa: maji matamu chini ya gari kila wiki, na siku ileile ukitoka kwenye chumvi, grisi kila kiungo chenye nipo (kile kitundu cha kutilia grisi), hasa baada ya masika, mpira uliopasuka ubadilishwe kabla ya kiungo kuisha. Kuhusu ile desturi ya kupulizia oili chafu ya injini chini ya chesisi, inazuia kutu kwenye chuma, lakini inalainisha na kuozesha mipira na bushi. Anayetaka aipulize mbali na viungo vya usukani.

Nimeambiwa nisigeuze usukani gari likiwa limesimama. Ni kweli kuna ubaya, au ni maneno ya wazee?

Ni kweli, na ndiyo mzizi wa rikoli inayoulizwa sana kwenye ukurasa huu. Gari likiwa limesimama, tairi halitembei, linasuguana na ardhi palepale, na nguvu yote ya kulishinda inapita kwenye fimbo za usukani. Ukiugeuza hadi mwisho, nguvu inaongezeka tena. Mara moja haidhuru. Kazi ya kila siku ya kujipenyeza vichochoro vya mji wa kale, kurudi nyuma mlangoni mwa duka na kukata mpaka mwisho huku gari limesimama, miaka kwa miaka, inachosha chuma. Chuma kilichochoka huanza na ufa mwembamba usioonekana.

Acha gari lijongee, hata kwa mwendo wa kobe, ndipo ukate.

Rikoli hiyo ni ipi hasa?

Ni ya senta rodi ya Hilux. Mwezi Agosti 2004, huko Kumamoto nchini Japani, Hilux Surf ilipoteza usukani, ikavuka upande wa pili wa barabara na kugonga gari jingine. Watu watano waliumia. Oktoba mwaka huohuo Toyota ilitangaza rikoli Japani ya takriban magari 330,000 ya Hilux na Hilux Surf yaliyoundwa kati ya mwisho wa 1988 na 1996. Kasoro yenyewe: fimbo ile haikuwa na uimara wa kutosha, na ingeweza kupata ufa na hatimaye kukatika kwa wale wanaogeuza usukani hadi mwisho mara kwa mara gari likiwa limesimama.

Kilichofuata ndicho kinachowaudhi watu hadi leo. Marekani haikuguswa mwaka ule. Kampuni iliiambia serikali ya huko kwamba haikuwa na taarifa za namna hiyo kutoka kwa wateja wa Marekani. Mwaka mmoja baadaye, 2005, rikoli ikatangazwa huko pia, karibu magari milioni moja: pikapu za 1989 hadi 1995, 4Runner za 1990 hadi 1995 na T100 za 1993 hadi 1998. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilifungua uchunguzi kuhusu kuchelewa huko, na mwezi Desemba Toyota ikakubali kulipa faini ya zaidi ya dola milioni 32 kwa mashauri mawili, moja likiwa la fimbo hii. Japani kwenyewe, mwaka 2006 polisi wa Kumamoto walipeleka majina ya maofisa wa kampuni kwa waendesha mashtaka, wakidai kasoro ilijulikana miaka kadhaa kabla ya wito. Kampuni ilikana.

Kama nchi mbili zenye mamlaka kali zilichukua miaka kusikilizana juu ya fimbo moja, mwenye pikapu Majivuni asishangae kwamba hakuna aliyempigia simu.

Pikapu yangu ni ya 1994, ilikuja mtumba kutoka Japani. Mbona sikupata barua?

Kwa sababu barua ya rikoli huenda kwa mtu ambaye jina lake limo kwenye daftari la usajili la nchi iliyotoa wito. Tuseme pikapu yako iliteremshwa Kilindini mwaka 2001. Wito ulipotoka 2004, gari lilikuwa limefutwa usajili Japani miaka mitatu nyuma, na tangu hapo huenda limepita mikono ya watu kadhaa Mombasa, Mtwapa na Malindi. Hakuna aliyekuficha barua. Hukuwahi kuwa na anwani machoni pao.

Ndiyo maana kuuliza ni kazi yako.

Nitaangaliaje kama gari langu limo kwenye rikoli?

Anza na namba ya chesisi. Usiinakili kwenye logibuku; kainakili kwenye gari lenyewe, ilipogongwa kwenye chuma cha chesisi na kwenye kibao kilicho ndani ya boneti. Piga picha zote mbili. Herufi iliyokosewa wakati wa usajili inatosha kukurudisha nyumbani.

Kisha tazama urefu wake. Gari lililoundwa kwa soko la Japani lina namba fupi: herufi na tarakimu za aina ya gari, kistari, halafu namba ya mfululizo. Lililoundwa kwa masoko mengine kwa kawaida lina tarakimu na herufi 17. Tofauti hii inawapotosha wengi. Tovuti ya Marekani inayokagua rikoli inataka zile 17, kwa hiyo ukiingiza namba fupi inaikataa, na mwenye gari anaondoka akidhani yuko salama. Hata ya 17 inaweza kujibu kwamba hakuna rikoli, kwa sababu tovuti hiyo inaonyesha magari yaliyouzwa huko, na haiendi nyuma zaidi ya miaka 15. Kwa gari la Japani, tumia ukurasa wa rikoli wa mtengenezaji ulio wa Kijapani. Kivinjari cha simu kitakutafsiria vya kutosha kujua pa kuweka namba.

Kwa pikapu mpya kidogo, herufi tatu za mwanzo husaidia kujua uanzie wapi. Hilux inayoanza na AHT imetoka Afrika Kusini, MR0 imetoka Thailand. Tafuta wito wa nchi hiyo.

Ajenti Mombasa atanirekebishia bure?

Huenda, lakini jiandae. Nimewahi kusimama kwenye kaunta ya ajenti mmoja na namba ya chesisi mkononi, nikaulizwa gari lilinunuliwa wapi kabla sijaulizwa lina tatizo gani. Jibu la kwamba gari hili hatukuliuza sisi hutolewa kwa tabasamu zuri sana. Anayeuza magari mapya huona mzigo wa mitumba haumhusu, na aliyekuuzia mtumba huona kasoro ya kiwandani haimhusu. Na gari likishapita miaka kadhaa, hata nchi zilizotoa wito zina mipaka: Marekani, kwa mfano, sheria inamlazimisha mtengenezaji kurekebisha bure magari yasiyozidi miaka 15 tangu yauzwe mara ya kwanza.

Usiende na hadithi, nenda na karatasi. Andika barua fupi au baruapepe: namba ya chesisi, mwaka wa gari, rikoli unayoulizia, na swali moja tu, je, gari hili limo na je, kazi ilishafanywa? Omba wajibu kwa maandishi. Mtu akikataa kwa mdomo hukataa haraka. Akiambiwa aandike, anakwenda kuuliza. Na kama wanakubali, hakikisha kifaa kimeshafika kabla hujatoka Malindi. Ni kilomita 120 hivi kwenda, na nyingine kama hizo kurudi, kwa gari ambalo usukani wake ndio unaoshukiwa. Kuambiwa ukishafika kwamba kifaa kimeagizwa kutoka ng'ambo na utapigiwa simu ni jambo la kawaida mno kulichukulia kama ajali.

Ukiwa na shaka na usukani wenyewe, lipakie gari kwenye lori. Usiliendeshe hadi huko ili kuthibitisha kwamba ni bovu.

Sheria za Kenya zinanisaidiaje?

Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata taarifa zinazohitajika, na ulinzi wa afya na usalama wake. Kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na Mamlaka ya Ushindani hupokea malalamiko ya watumiaji. Kwa aliyenunua pikapu kwa yadi juzi na yadi ikamficha ufa unaoonekana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Kwa gari la miaka thelathini lililopita mikono mingi, maoni yangu ni kwamba nauli za kwenda na kurudi zitamaliza pesa ya senta rodi mpya. Lalamika kwa maandishi ili kumbukumbu iwepo, huku kifaa unakibadilisha.

Walibadilisha fimbo ya rikoli, lakini usukani bado unacheza. Wamenidanganya?

Si lazima. Kazi ya rikoli hugusa kile kilichotajwa kwenye wito na hakuna kingine. Mtu anatoa fimbo ya zamani, anaweka mpya, anafunga, anatia saini. Aidla iliyokwisha, boksi lililochoka, boli jointi inayogonga, hivyo ni vyako. Kinachokera ni pale wanapoliona tatizo wakiwa chini ya gari na wasikwambie.

Dai vitu viwili: karatasi inayotaja namba ya kifaa kilichofungwa, na kifaa cha zamani urudishiwe au angalau ukione. Halafu alaimenti ifanywe upya, maana fimbo ikibadilishwa urefu wa viungo hauwi kama ulivyokuwa.

Senta rodi au tairodi inaweza kuchomelewa?

Hapana. Wala kunyooshwa kwa moto. Chuma hicho kimepitishwa kwenye joto maalumu kiwandani ili kiwe kigumu bila kuwa chepesi kukatika, na moto wa gesi unakiharibia hali hiyo. Kiungo kilichochomelewa kinaweza kung'aa vizuri na kukatika kando ya mshono. Chomelea bodi, chomelea ngazi ya nyuma, chomelea chochote kingine.

Spea: mpya, mtumba wa Japani, au hizi za bei rahisi?

Kwa boli jointi na tairodi, mpya ya kampuni inayojulikana. Jina linalopendwa zaidi na mafundi, 555 ya Japani, ndilo linaloigwa zaidi, kwa hiyo sanduku si ushahidi. Toa kifaa kwenye sanduku. Kitikise: kiungo kipya kinasogea kwa uzito, hakilegei. Angalia uzi wa nati kama umekatwa safi, mpira kama umekaa sawa, na maandishi kama yamechongwa kwenye chuma, si stika tu. Nati iwe na tundu la pini, na pini mpya itumike. Ile ya zamani iliyonyooshwa kwa koleo ikatupwe.

Mtumba wa Japani unafaa kwa stelingi boksi, kwa sababu mpya ni ghali na nzuri hudumu. Kwa senta rodi usinunue mtumba wa gari la miaka ileile. Utakuwa unalipia fimbo iliyoitwa kiwandani 2004.

Gari limepita ukaguzi. Kwa hiyo usukani ni mzima?

Ulikuwa unakubalika siku ile. Magari ya biashara hukaguliwa na NTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Kenya, kila mwaka, na mwaka mzima wa kubeba mchanga ni mrefu kwa mpira uliokwisha kupasuka. Zaidi ya hapo, ufa mwembamba ndani ya fimbo hauonekani kwa tochi. Kama fimbo yako ni ya umri wa rikoli na hujui iliwahi kubadilishwa, umri wenyewe ndio jibu.

Usukani ukiniponyoka njiani nifanye nini?

Kwanza tofautisha. Pawa ikikata, usukani unakuwa mzito ghafla lakini bado unatii: shika kwa mikono miwili, lazimisha, toka barabarani. Usizime injini ukiwa mwendoni, na usichomoe ufunguo kabisa, kwani usukani unaweza kujifunga.

Fimbo ikikatika, usukani unazunguka bure. Ondoa mguu kwenye mafuta, washa taa za hatari, piga honi, breki kwa kukanyaga pole na kuongeza, usibane ghafla maana magurudumu yanaweza kuangalia pande mbili. Gia za chini zisaidie kupunguza mwendo. Hakuna ujanja mwingine, na ndiyo sababu mtu mwenye usukani unaogonga hapaswi kushuka na mzigo kwenye daraja la Sabaki akiwa kwenye themanini.

Gari likisimama, kipande kilichokatika kisitupwe. Kipige picha palepale kilipo, kisha kihifadhi kikiwa na tope lake. Bima na polisi watauliza, na kipande chenye ufa wa zamani uliojaa kutu kinaeleza mengi kuliko dereva.

Nataka kununua pikapu ya 1993 hapa mjini. Niulize nini?

Muombe muuzaji akuruhusu ulale chini yake na kadibodi yako. Akisitasita, kunywa soda yako uondoke. Angalia alama za moto wa kuchomelea kwenye fimbo, ncha za matairi zilizolika upande mmoja, na grisi mpya iliyopakwa kwa wingi juu ya mpira uliopasuka. Uliza kama senta rodi ilibadilishwa na risiti iko wapi. Kama haipo, toa bei ya fimbo na aidla kwenye bei ya gari.

Oili ya pawa ni ipi? Nimeambiwa hata ya breki inafaa.

Ya breki haifai hata tone. Inaharibu sili za pampu na boksi, na utalipia vyote viwili. Pikapu hizi hutumia oili ya gia otomatiki, ile nyekundu iliyoandikwa Dexron. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, imwagwe yote uweke mpya. Ikipungua kila wiki, tafuta inakovujia kabla ya kununua chupa nyingine: kwa kawaida ni sili ya chini ya boksi au mpira wa mrija wa pampu.